NAMNA YA KUFUNDISHA WATOTO WADOGO KUANDIKA HABARI YA KWELI

(Fundisho kwa wanafunzi wa seksio ya pedagojia, na kwa kila mmoja mwenye wadogo nyumbani)



Kama munavyojua, sisi wa kalasi ya 4 ya humanite, seksio ya pedagojia, tumemaliza staji yetu katika shule ya primeri. Tangu turudi, wengi wananiuliza kwenye uwanja: "Kapita, mulienda kufanya nini kule? Kufundisha batoto badogo, iko kazi gani?" Rafiki yangu mmoja wa seksio ya biyolojia alicheka sana, akasema: "Nyinyi munafundishaka a, e, i, o, u, kisha munarudia kula."

Nilicheka pamoja naye. Lakini usiku sikucheka, kwa sababu nilikumbuka jambo lililonipata katika juma la kwanza la staji. Prefe wetu aliponiomba niandike fundisho moja kwa gazeti letu hili, nilifikiri kwanza kuandika juu ya nidhamu, maana ndiyo kazi ya kapita. Kisha niliona ni heri niandike juu ya kosa langu, ili wale wa kalasi ya 3 watakaokwenda staji mwaka ujao wasilirudilie.

I. KOSA LANGU

Nilipewa kalasi ya 3 ya primeri. Watoto 71. Tangu masomo ya primeri ya serikali yawe bila malipo, mwaka wa shule 2019–2020, kalasi nyingi zimejaa hivyo. Benchi la watoto wanne linakaliwa na sita, na yule wa mwisho anaandika akiweka kaye juu ya magoti.

Juu ya fishi yangu ya matayarisho niliandika: "Kuandika habari fupi. Namna ya kutayarisha maji ya sukari na chumvi kwa mgonjwa wa kuhara." Nilichagua neno hili kwa sababu sisi wa kando ya Ziwa Kivu tunajua kolera ni nini. Nilieleza vizuri. Niliandika kwenye ubao: litre moja ya maji safi, yaliyochemka na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, kijiko kisijae kupita ukingo. Niliwasomesha wote pamoja mara tatu. Kisha nikafuta ubao, nikasema: "Sasa kila mtu aandike kwa karatasi yake mwenyewe."

Jioni nilisahihisha kwa bike nyekundu. Mimi nilitafuta nini? Nilitafuta herufi kubwa, nukta, koma, na maneno yaliyoandikwa vibaya. Mtoto mmoja wa benchi la mbele alikuwa na mwandiko mzuri kama wa kitabu. Hapakuwa hata kosa moja la herufi. Nikampa 9 juu ya 10, nikaandika chini: "Vizuri sana. Usomee wazazi nyumbani." Mwingine wa nyuma aliandika kama kuku aliyepita kwenye majivu: "likamoja ya mayi", hakuna nukta, hakuna herufi kubwa. Nikampa 4.

Kesho yake niligawa karatasi, watoto wakaenda nazo nyumbani. Siku ya tatu, Madamu mwenye kalasi alinitaka kaye yangu ya pointi na karatasi zote. Watoto wakatosha karatasi katika mifuko yao. Yule wa 9 hakuwa nayo. Madamu akamwuliza: "Karatasi yako iko wapi?" Mtoto akasimama na furaha: "Madamu, mama ameibandika kwenye ukuta, juu ya bidon ya mayi. Juu nilipata tisa." Madamu akamwambia: "Basi tuambie uliandika nini." Mtoto akasema kwa moyo, bila kusitasita:

"Kamata litre moja ya maji safi. Tia vijiko sita vya chumvi. Tia nusu kijiko cha sukari. Koroga. Mpe mgonjwa anywe."

Madamu hakusema kitu mbele ya watoto. Aliniangalia tu. Wakati wa rekreasio aliniita chini ya mti, akasema polepole: "Mwana wangu, ile karatasi iko kwenye ukuta. Kama usiku kitoto kinaharisha, na mama anaamka na taa ya simu, atafanya nini? Atafanya vile mwalimu alipatia tisa."

Wapendwa, chumvi nyingi namna hiyo ndani ya tumbo la kitoto kinachohara inaweza kumwua. Na yule wa mayi, niliyempa 4, vipimo vyake vyote vilikuwa sawa. Nilimpunguzia pointi mtoto aliyesema kweli kwa herufi mbaya, nikamsifu yule aliyesema hatari kwa herufi nzuri.

Saa sita, masomo yalipokwisha, sikwenda kula. Nilimfuata mtoto mpaka kwao. Karatasi ilikuwa pale kweli, imebandikwa na bugali pembe zote nne. Mama yake alinipokea vizuri, akanipa kiti, akasema: "Mwalimu, tunashukuru. Mutoto hajapataka tisa." Kwa Mungu hakuna aliyekuwa amehara siku zile mbili. Nilisema: "Mama, kosa ni langu, si la mtoto." Tukaiondoa karatasi, tukakaa mtoto na mimi, akaandika ingine. Alipomaliza, nilimwomba mama achukue kijiko chake mwenyewe na afanye kama karatasi inavyosema, wakati mtoto anasoma. Maji yalikuwa sawa. Ndipo tulipoibandika tena. Nilimwambia vilevile kwamba maji haya ni msaada wa njiani tu, na kama kituo cha afya kina pakiti za SRO, hizo ni bora. Na mgonjwa wa kolera anapashwa kupelekwa mbio.

Niliporudi, nilifikiri njia yote. Nilikuwa nimefundisha herufi. Sikufundisha kuandika habari.

II. HADITHI NA HABARI

Mbele ya kufundisha, tujue kwanza tunafundisha nini. Watoto wetu wanajua sana hadithi. Katika hadithi sungura anasema, chui anadanganywa, na hakuna mtu anayemwuliza mwenye kuhadithia: "Ulimwona wapi?" Hiyo ni haki ya hadithi. Tunaipenda hivyo.

Habari ni kitu kingine. Habari inaeleza namna kitu kilivyo, namna kinavyofanyika, ao sababu yake. Msomaji anaiamini, kisha anafanya kitu kwa sababu ameiamini: anakoroga maji, anapanda maharagi, anakamata njia ya kulia. Kwa hiyo habari ina sheria tatu:

a) Iwe ya kweli. Mwandishi aweze kujibu akiulizwa: "Umejua namna gani?"
b) Iwe kamili. Isikose kile ambacho msomaji anahitaji.
c) Iwe na mpango. Kila neno kwa fasi yake, hasa kama ni kazi ya kufuata hatua kwa hatua.

Tofauti hii mtoto wa miaka 8 anaielewa, ukimpa mfano. Andika kwenye ubao:

1) "Mbuzi wetu anaitwa Kasongo. Jana alikula shati la kaka."
2) "Mbuzi ni nyama ya kufugwa. Anakula majani. Anazaa mtoto mmoja ao wawili."

Uliza: "Ya kwanza inasema juu ya mbuzi gani? Ya pili je?" Watoto watajibu upesi: ya kwanza ni mbuzi mmoja, siku moja, ya pili ni mbuzi wote, siku zote. Katika ya kwanza kitenzi kinasema "alikula", katika ya pili "anakula". Hapo umekwisha kufundisha sarufi bila kutaja jina lake.

III. HATUA SITA ZA KUFUATA

Juma la pili Madamu aliniruhusu nijaribu tena. Nilichagua sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu, kwa sababu hakuna mtoto hapa asiyewajua. Hizi ndizo hatua tulizofuata. Mbili za kwanza nilizikuta katika somo letu la pedagojia juu ya daktari Ovide Decroly wa Ubelgiji (1871–1932), aliyefundisha kwamba mtoto aangalie kwanza, kisha aunganishe na yale anayojua, halafu ndipo aonyeshe mawazo yake kwa kusema, kuchora na kuandika. Mimi katika juma la kwanza nilikuwa nimeanza na mwisho.

Hatua ya 1: Kuangalia. Nilileta sahani ya sambaza wabichi. Kila benchi lilipata mbili juu ya jani la ndizi. Sikusema kitu. Niliuliza tu: "Munaona nini?" Walisema: ni wadogo, wanang'aa kama bati, macho ni makubwa, magamba yanabaki kwenye vidole. Mtoto mmoja alisema: "Inanuka." Tuliandika hilo vilevile, maana ni kweli.

Hatua ya 2: Kusema. Hapa ndipo nilipata mshangao. Kuna msichana mmoja ambaye juma zima hakufungua kinywa, nami nilimwandika katika kaye yangu "dhaifu". Nilipouliza: "Nani anajua namna wanavyovuliwa?" alisimama, akasema: "Mama yangu anaendaka kuwangojea saa kumi na moja ya asubui. Benye kuvua banaendaka mangaribi. Banafunga mitumbwi tatu pamoja na miti mirefu, banatia wavu katikati, banawasha taa. Sambaza banafuata mwangaza. Lakini mwezi kama inaangaza sana, habendake, juu sambaza hazikusanyike kwa taa." Kalasi yote ilinyamaza. Mimi mwenyewe, wa humanite, jambo la mwezi sikulijua. Nilifuta neno "dhaifu" siku ile ile.

Tukumbuke: mtoto asiyeandika si mtoto asiyejua. Mbele ya kumpa bike, mpe nafasi ya kusema. Watoto wasemezane wawili wawili dakika tano. Kwa kalasi ya watu 71, hii ndiyo njia moja tu ambayo kila mmoja anaweza kufungua kinywa.

Hatua ya 3: Kuuliza maswali. Nilichora kwenye ubao mkono mkubwa wenye vidole vitano. Kila kidole ni swali: Ni nini? Wapi? Wakati gani? Namna gani? Sababu gani? Katika kiganja niliandika swali la sita, ambalo linashika yote: Umejua namna gani? Mtoto hana kitabu, lakini mkono wake anao siku zote, hata siku ya egzame.

Hatua ya 4: Kutafuta kweli. Watoto karibu wote walisema: "Sambaza wako katika ziwa letu tangu dunia iumbwe." Nilikuwa karibu kuandika hivyo. Swali la kiganja likanizuia. Tuliwatuma watoto wanne wa kando ya ziwa wamwulize mzee mvuvi. Kesho yake walirudi na jibu: "Mzee anasema hapana. Anasema babake alikuwa mvuvi mbele sambaza hazijafika. Zililetwa na Wabelgiji." Nilimwendea mwalimu wetu wa biyolojia, naye akasema mzee ana haki: samaki huyu, jina lake la kisayansi ni Limnothrissa miodon, alitolewa katika Ziwa Tanganyika akatiwa katika Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Basi mzee na kitabu walikutana. Watoto walifurahi kupita kiasi, kwa sababu sasa walijua kitu ambacho wakubwa wengi wa kwao hawakijui, na walijua wamekipata wapi.

Hatua ya 5: Kuandika pamoja, kisha kuandika peke yako. Kwanza tuliandika wote kwenye ubao. Watoto wanasema, mimi naandika. Nikiandika, ninasema kwa sauti mawazo yangu: "Hapa nimeanza kusema juu ya wavu, lakini sijasema bado samaki huyu ni nani. Nianze na nini?" Watoto wakaona kwamba hata mwalimu anafuta. Hili ni jambo kubwa. Mtoto mdogo anafikiri mtu anayejua kuandika hafuti kamwe, kwa hiyo yeye akikosa anafunga kaye. Kisha nilifuta ubao wote, lakini safari hii niliacha ule mkono wa maswali. Kila benchi lilipata karatasi moja. Mmoja aliandika, wengine walisema na kuchunga. Nyuma ya hapo ndipo kila mtoto aliandika yake.

Kwa wale wa kalasi ya 1 na ya 2, ambao bado hawawezi kuandika mistari mitatu, wachore. Mchoro wa mtumbwi wenye mishale na majina, "taa", "wavu", "mti", ni habari tayari. Halafu mtoto akuambie maneno mawili, uyaandike chini ya mchoro kama alivyoyasema, naye ayasome. Ataona kwa macho yake kwamba maneno ya kinywa chake yanaweza kukaa juu ya karatasi.

Hatua ya 6: Kusomea mtu asiyejua. Habari inajaribiwa kwa msomaji. Tulikwenda kusomea kalasi ya 2. Mtoto mmoja wa kule akauliza: "Na wavu inafungwa wapi?" Waandishi wetu wakatazamana. Hawakuwa wameandika. Wakarudi wenyewe kuongeza, bila mimi kuwaambia.

Tazameni sasa kazi ya yule msichana. Hii ni karatasi yake ya juma la kwanza, nilipowaomba kuandika juu ya samaki bila matayarisho:

"Samaki iko mu mayi. Samaki ni muzuri. Ninapenda samaki."

Na hii ni ya mwisho wa juma la pili. Nimerekebisha herufi chache tu:

"Sambaza ni samaki mudogo wa Ziwa Kivu. Alitoka Ziwa Tanganyika. Wavuvi wanamuvua usiku. Wanafunga mitumbwi tatu na miti. Wanatia wavu katikati na wanawasha taa. Sambaza anafuata mwangaza, wavuvi wanavuta wavu. Wakati mwezi inaangaza sana hawaendi. Mama yangu anauzisha sambaza, ameniambia."

Ona mstari wa mwisho. Hakuna aliyemwambia auandike. Ni jibu la swali la kiganja.

IV. JUU YA LUGHA

Wenzangu wawili wa staji waliniuliza: "Mbona uliwaachia kuandika Kiswahili? Hawatajua Kifaransa." Ni swali zuri, nami nalijibu hivi.

Katiba ya 2006 inataja lugha nne za taifa: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Chiluba, Kifaransa ni lugha ya serikali. Na sheria ya elimu ya mwezi wa pili 2014 inasema kwamba lugha za taifa na lugha za mahali zitumike kwa kufundishia na kujifunza, na vilevile ziwe somo. Basi hatukuvunja sheria, tuliifuata.

Lakini sababu yangu kubwa ni ile niliyoiona. Mtoto wa kalasi ya 3 ukimwomba aandike Kifaransa juu ya sambaza, anaandika yale anayoweza kusema kwa Kifaransa, si yale anayojua. Anaweza kusema "samaki anaishi katika maji", basi ameandika hivyo, na watoto wengine 70 wameandika hivyo hivyo. Jambo la mwezi, la mitumbwi mitatu, la mama kungoja asubui, yote yanabaki ndani ya kichwa. Mtoto ajifunze kwanza kupanga kweli katika lugha anayoisikia vizuri. Akishajua kupanga, atapeleka mpango ule katika Kifaransa. Nasi wa kalasi ya mwisho tunaojitayarisha kwa Egzame ya Taifa, tuseme kweli: disertasio zetu zinakosa nini? Maneno tunayo. Mara nyingi hatuna kitu cha kusema, wala mpango wa kukisema.

Jambo moja tu: Kiswahili cha kinywa na Kiswahili cha kitabu si kimoja. Mtoto akiandika "mayi", usimpige. Mwonyeshe "maji", mwambie: "Nyumbani tunasema hivi, katika kitabu tunaandika hivi." Akubali vyote viwili.

V. NAMNA YA KUSAHIHISHA

Hapa ndipo nilianguka, kwa hiyo hapa ndipo ninasisitiza. Mwalimu akipokea karatasi ya habari, aisome mara tatu, kwa mpango huu:

Mara ya kwanza, bila bike mkononi: Ni kweli? Hesabu na vipimo viko sawa? Kama kuna neno la hatari, karatasi isitoke katika kalasi mbele haijatengenezwa, hata kama mwandiko ni wa malaika.
Mara ya pili: Iko kamili? Ina mpango? Msomaji asiyejua atafika mwisho?
Mara ya tatu: Ndipo bike nyekundu. Herufi kubwa, nukta, maneno. Usisahihishe yote. Chagua makosa mawili ao matatu. Mtoto akiona karatasi imejaa damu, hatasoma hata neno moja ulilomwandikia.

Mimi sasa ninagawa pointi 10 hivi: 4 kwa kweli, 2 kwa kutokosa kitu, 2 kwa mpango, 2 kwa herufi. Si sheria ya mtu ye yote, ni mpango wangu tu. Lakini kwa mpango huu yule wa mayi angepata 8, naye wa vijiko sita vya chumvi angeitwa mezani, tukae pamoja.

Nisieleweke vibaya. Sisemi herufi ni bure. "Sita" na "saba" zinatofautiana kwa herufi mbili, na mgonjwa ni yule yule. Ninasema tu herufi zinatumikia kweli, si kweli inayotumikia herufi.

VI. MWALIMU WA MASHINE YA KUCHAPA

Mbele ya kumaliza, neno dogo juu ya gazeti hili munaloshika. Katika Ufaransa kulikuwa na mwalimu wa primeri aliyeitwa Célestin Freinet (1896–1966). Alijeruhiwa katika vita vya 1914–1918, na kusema muda mrefu mbele ya kalasi kulimchokesha. Mwaka 1924, katika kijiji cha Bar-sur-Loup, alileta ndani ya kalasi mashine ndogo ya kuchapa. Watoto walikwenda kuangalia kazi za wafundi na mambo ya kijiji, wakarudi, wakaandika, wakachapa wenyewe, kisha wakatuma karatasi zao kwa watoto wa shule zingine, nao wakajibu. Mtoto akijua kwamba kuna mtu mbali atakayesoma, anaandika ingine namna.

Sisi tuna mashine yetu ya roneo. Inachafua mikono, stensili inapasuka, na ukurasa wa mwisho hausomeki vizuri. Lakini inatosha. Nimemwomba mwalimu mwenye kuchunga gazeti atuachie nusu ya ukurasa katika kila namba kwa watoto wa primeri. Amekubali. Namba ijayo mutasoma habari ya sambaza, na jina la msichana na la benchi lake.

MAZOEZI NA MASWALI

1) Sema tofauti kati ya hadithi na habari. Toa mfano mmoja wa kila moja juu ya kuku.
2) Kwa sababu gani kuangalia na kusema vinakuja mbele ya kuandika?
3) Andika habari ya mistari sita juu ya kazi moja inayofanyika kwenu: kupika sombe, kuchoma makala, kutengeneza matofali, kufuma kikapu. Mpe mtu asiyejua kazi ile aifuate. Alikwama wapi?
4) Katika habari yako, tia alama chini ya kila jambo ambalo hukuliona mwenyewe. Umejua namna gani?
5) Wa seksio ya pedagojia: tayarisheni fishi ya dakika 30 kwa kalasi ya 2 juu ya "maji safi nyumbani". Watoto wengi wataandika, wengine watachora. Vipimo mutavichunga namna gani?

Wapendwa, juma lililopita nilipita tena karibu na nyumba ya yule mtoto wa tisa. Mlango ulikuwa wazi. Karatasi ingali kwenye ukuta, juu ya bidon, imeanza kuwa ya manjano kwa moshi. Nilisimama, nikasoma kila mstari mara ya pili. Vijiko sita vya sukari. Nusu ya chumvi. Mama akatokea, akasema: "Mwalimu, unakuja kusahihisha tena?" Nilisema: "Ndiyo, mama."

Mwenye swali ao mwenye kunipinga, anikute mbele ya biro ya nidhamu wakati wa rekreasio. Na walio na zamu ya kufagia, wasijifiche nyuma ya gazeti hili.

Kapita wenu,
kalasi ya 4 ya humanite, seksio ya pedagojia